Chuki juu ya Wayuda: iliandikwa, lakini ole kwa nani?

Siku ya Mungu, ukipita ku Kenya ao ku Katuba, kati ya makanisa ya réveil, haut-parleur moja iko Ezekieli 38, ya pili iko Ufunuo 13, na mbele kidogo mutu analia juu ya Gogu na Magogu. Imezidi tangu tarehe 7 Oktoba 2023, siku Hamas iliposhambulia Israeli, ikaua watu karibu 1.200 na kukamata wengine 251, kisha vita ya Gaza ikafuata. Na sasa somo lingine limeingia: Wayuda wanachukiwa tena katika dunia nzima, na hiyo, wahubiri wanasema, ni alama kwamba saa imefika.

Kwamba chuki imepanda si uongo. Huko Ufaransa, hesabu zinazotolewa na CRIF, shirika la Wayuda wa inchi ile, zinaonyesha matendo 436 juu ya Wayuda katika mwaka wa 2022, halafu 1.676 katika mwaka wa 2023, na 1.570 katika mwaka wa 2024. Ni matusi, milango kupakwa rangi, watoto kupigwa njiani. Mahali pengine ni damu kabisa. Pittsburgh, Marekani, tarehe 27 Oktoba 2018, mutu mumoja aliingia na bunduki ndani ya sinagogi akaua watu 11 waliokuja kusali. Manchester, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 2025, siku yao kubwa ya kufunga na kutubu, watu wawili walikufa mbele ya sinagogi lao. Na musifikiri hayo ni mambo ya Ulaya tu. Tarehe 28 Novemba 2002, kule Kikambala karibu na Mombasa, hoteli ya Waisraeli ililipuliwa. Waliuawa watu 13: watatu walikuwa Waisraeli, kumi walikuwa Wakenya, na kati yao kulikuwa wacheza ngoma waliokuja kupokea wageni.

Kwa hiyo muhubiri hadanganyi anaposema chuki inapanda. Shida iko katika neno linalofuata: "Iliandikwa, lazima itimie." Na watu wote: "Amen!" Hapo mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza mutoto aliyepigwa alikosa nini, wala sisi tufanye nini.

Mafundisho haya yana historia, na ni vizuri kuijua, kwa sababu wengi wanafikiri yametoka kwa mitume moja kwa moja. Mupango wenyewe (Kanisa kunyakuliwa kwanza, kisha miaka saba ya taabu, Mupinga-Kristo kufanya agano na Israeli, Wayuda kuteswa kuliko zamani zote) ulipangwa hivyo hasa na John Nelson Darby, muhubiri wa Ireland na Uingereza, katika miaka ya 1830. Katika mwaka wa 1909 Scofield, Mumarekani, alitoa Bibilia yenye maelezo chini ya kurasa, na maelezo yale yakasomwa na wamisionari wengi kama vile nayo ni Maandiko. Kisha kwetu Katanga kukaja mahubiri ya William Branham, aliyekufa mwaka wa 1965. Brochure zake za majuma sabini ya Danieli ziko katika nyumba nyingi, kando ya simu na bakuli ya chumvi. Wakatoliki na Wametodisti, ambao ni wengi sana hapa kwetu, hawafundishi mupango huo. Kwa upande wa Wakatoliki, tarehe 28 Oktoba 1965, Mutaguso wa pili wa Vatikano ulikataa kabisa kuwabebesha Wayuda wote kosa la kifo cha Yesu, na ukalaani chuki juu yao.

Simwambii mutu aache kusoma Danieli. Kila mutu na kanisa lake. Lakini angalia namna Zekaria 13 inavyohubiriwa: theluthi mbili zitakatiliwa mbali, theluthi moja itabaki. Kuko wahubiri wanaoitoa hesabu hiyo kwa sauti ya furaha, kama ripota anayetangaza goli la Mazembe. Katika Israeli kuko Wayuda karibu milioni 7. Theluthi mbili ni zaidi ya milioni nne na nusu. Ni wamama, ni vizee, ni watoto wa masomo. Halafu tunapiga makofi, tunangojea mawingu yafunguke.

Na katika muji huu hatuna ruhusa ya kusema hatuwajui Wayuda. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, na kati ya wafanyabiashara wa kwanza kulikuwa Wayuda. Wengi waliofuata walitoka kisiwa kimoja kidogo, Rhodes, karibu na Uturuki, ambacho wakati ule kilikuwa katika mikono ya Waitalia. Nyumbani walisema Kispanyola cha zamani, kwa sababu babu zao walifukuzwa Uspania mwaka wa 1492. Hapa waliuza vitambaa, unga, samaki. Sinagogi lao lilijengwa miaka ya 1929 na 1930, na lingali limesimama katikati ya muji. Rabi Moïse Lévy alifika mwaka wa 1937, akakaa kwetu zaidi ya miaka 50: Wabelgiji walimukuta, Tshombe akamukuta, Mobutu akamukuta.

Mwaka wa 1938 Italia ya Mussolini ilitoa sheria za kibaguzi juu ya Wayuda. Kati ya waliotoroka Rhodes alikuwa Nissim Soriano. Alikuja mpaka Kashobwe, kando ya ziwa Mweru, akafanya biashara ya samaki, na mwaka wa 1964 akazaliwa huko mutoto wake Moïse Katumbi, ambaye baadaye mulimujua kama gavana na president wa Mazembe. Waliobaki kisiwani hawakupata bahati ile. Mwezi wa saba mwaka wa 1944 Wajeremani walikusanya Wayuda karibu 1.700 wa Rhodes na kisiwa jirani cha Kos, wakawapakia katika mashua, kisha katika mabehewa ya treni, mpaka Auschwitz. Waliorudi wakiwa hai ni karibu 150. Familia nyingi za Elisabethville zilipoteza wazazi, dada, wajomba kwa safari ile moja. Yule aliyekuwa anapima kitambaa pale dukani, akikuuliza "metre ngapi?", pengine hakuwa na mama tena, na wewe hukujua.

Kwa hiyo wakati pasta anasema "taabu ya Yakobo itakuja", kumbuka kwamba kwa majirani wetu wa zamani taabu ilikwisha kuja. Iliwachukua kwa majina, nyumba kwa nyumba, na ilikuwa kazi ya maofisa wenye karatasi na kalamu.

Sasa tuseme lile linalosemwa ku mine, maana kama gazeti halisemi, litaendelea kusemwa kwa sauti ndogo. Utasikia kwa kituo cha bisi, ao kwa wachimbaji wakingojea bei ya kilo: "Bayuda njo bamekula mali yetu." Wanamufikiria Dan Gertler, mufanyabiashara Muisraeli aliyefika Kongo mwaka wa 1997. Mambo yake ni mazito na hayafichiki. Mwaka wa 2013, kundi la Africa Progress Panel, lililoongozwa na Kofi Annan, lilihesabu kwamba Kongo ilipoteza dola zaidi ya milioni 1.360 kwa mikataba mitano ya mine iliyofanyika kati ya 2010 na 2012, na makampuni yaliyonunua yalikuwa yanafungamana naye. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2017 Marekani ikamuwekea vikwazo. Yeye mwenyewe anakana kosa lolote. Mwezi wa pili mwaka wa 2022 serikali ya Kinshasa ilifanya naye mapatano ili arudishe sehemu ya mali.

Tuulize juu ya mikataba ile, na tusichoke kuuliza: nani alitia saini kwa upande wa Kongo, feza iliingia wapi. Lakini saini zile hazikutiwa na Wayuda. Muuza samaki wa Kashobwe hakuwa na mukataba wa kobalti. Wale wanawake wa Auschwitz hawakumiliki carré ya mine. Na angalia ujanja wa neno lile "Bayuda": ukikasirikia Bayuda wote, Mukongomani aliyeuza anatoka kwa mulango wa nyuma akicheka.

Vilevile kulaumu serikali ya Israeli juu ya wafu wa Gaza si kuchukia Wayuda. Wayuda wenyewe wako wanaoilaumu, tena kwa nguvu. Na katika Gaza kuko Wakristo vilevile, wenye parokia yao. Mutu anaweza kulia juu ya pande zote mbili. Macho yetu yametosha.

Sisi wa Katanga tulikwisha kuona namna jambo hili linavyokwenda, hata bila Muyuda mumoja ndani. Kwa miaka mingi Baluba wa Kasai waliitwa "Wayuda wa Kongo". Mara ingine ilikuwa sifa: wanapenda masomo, wanapenda kazi. Mara ingine ilikuwa kisu: wamejaa mahali pote, wamekamata vyeo vyote vya Gécamines. Mababu zao waliletwa na Union Minière kuchimba shaba, tangu miaka ya 1920. Kisha mwaka wa 1992 kukaja jina lingine, bilulu, wadudu. Wakubwa wa siasa walilisema kwa mikutano, vijana wakalibeba kwa barabara. Likasi, halafu Kolwezi mwaka wa 1993: nyumba zilivunjwa, watu walifukuzwa kwa maelfu na maelfu, wakalala kwa gare miezi mingi wakingojea treni, watoto wakifa kwa magonjwa. Kati ya ninyi munaosoma, kuko aliyekuwa ndani ya gare, na kuko aliyekuwa nje. Je, kuna pasta aliyesimama akasema ilikuwa unabii? Kama kungekuwa na mustari wa kuonyesha kwa kidole, angepatikana. Na ile ingekuwa tusi kwa wale waliozika watoto kando ya reli.

Basi turudi kwa Bibilia yenyewe, kwa sababu ndiyo tunayopendana nayo. Yesu alijua kwamba atasalitiwa, na kwamba iliandikwa. Katika Matayo 26 alisema hivyo, na papo hapo akatangaza ole juu ya yule atakayemusaliti. Unabii haukumutoa Yuda hatia. Nabii Obadia alitumwa kwa Edomu, taifa ndugu ya Israeli, na moja ya makosa aliyowahesabia ni kwamba siku Yerusalemu ilipovunjwa walisimama kando wakitazama, wakafurahi. Kutazama tu kuliandikwa kama kosa. Na Zekaria, yule yule wa theluthi mbili, anaanza kitabu chake kwa namna ingine kabisa: katika sura ya 1, mustari wa 15, Mungu anakasirikia mataifa yaliyostarehe, kwa sababu Yeye alikuwa amekasirikia watu wake kidogo, nao wakaongeza mabaya. Wahubiri wetu wanaruka kurasa kumi na kufika sura ya 13 wakiwa na haraka. Ingefaa wapitie mulango.

Na Paulo, katika Waroma 11, alipoona watu wa mataifa wameanza kujivuna juu ya Wayuda, aliwakumbusha kwamba wao ni matawi ya pori yaliyopachikwa, na kwamba shina ndilo linalobeba tawi.

Wayuda wa Lubumbashi leo ni wachache sana. Wengi walitoka baada ya uhuru, na wengine baada ya tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu aliponyang'anya wageni maduka. Watoto wao wako Bruxelles na Cape Town. Siku ya Mungu inayokuja haut-parleur zitawashwa tena, na Zekaria itafunguliwa. Anayekaa kwa benchi ya mbele anaweza kuinua mukono na kuomba, kwa heshima: "Pasta, tusomee na sura ya kwanza."