Misafara ya skii Norwei: Mwendo ni wa yule wa mwisho

MWEZI Februari 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 na kumaliza akiwa wa 92, nyuma ya wote. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amekwisha kuvuka mstari dakika 20 hivi kabla yake. Hata hivyo, bingwa huyo hakuondoka. Alisubiri pale mwishoni mpaka Boit alipofika, akamkumbatia mbele ya kamera za dunia nzima.

Wengi wa Afrika Mashariki waliisikia skii ya nyikani kwa mara ya kwanza kupitia picha ile. Ilikuwa habari kubwa kwa sababu katika mashindano aliye mbele hana wajibu wa kumngoja aliye nyuma. Lakini huko Norwei kwenyewe, watu wengi wanaovaa skii hawaendi kushindana na yeyote. Wanakwenda kwa makundi, mara nyingi chini ya chama, kuvuka milima na nyika za theluji kwa siku kadhaa. Na katika misafara hiyo, kumsubiri wa mwisho ni sharti ambalo likivunjwa mtu anaweza kupoteza maisha.

Skii ya nyikani ni tofauti na ile inayoonekana zaidi kwenye televisheni, ya kushuka mlima mkali kwa kasi kisha kupandishwa tena kwa mashine. Skii za nyikani ni mbao ndefu na nyembamba. Kiatu hufungwa kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kikabaki huru, hivyo mtu huweza kutembea, kuteleza tambarare na kupanda kilima kwa nguvu zake mwenyewe akisaidiwa na fimbo mbili. Kwa misafara ya milimani hutumika skii pana kidogo zenye kingo za chuma, kwa kuwa theluji ya huko haijashindiliwa na mashine kama ilivyo kwenye njia za mijini.

Chama kikubwa cha shughuli hizi ni Chama cha Utalii cha Norwei, kinachojulikana kwa kifupi chake, DNT. Kilianzishwa mwaka 1868, na leo kina wanachama zaidi ya 300,000 katika nchi yenye watu wasiozidi milioni sita. Chama hicho na matawi yake kina nyumba za kulala zaidi ya 500 zilizotawanyika milimani na misituni. Baadhi zina wahudumu na mlo wa jioni. Nyingine hazina mtu kabisa: mwanachama hufika na ufunguo wake, ambao ni wa aina moja kwa nyumba nyingi nchini, huwasha jiko la kuni, huchukua chakula cha makopo na mikate mikavu ghalani, kisha huandika alichotumia na kulipa. Hakuna mlinzi wa kumkagua. Mgeni anayetoka katika jiji ambako hata geti lina kufuli tatu huona ajabu, lakini utaratibu huo umedumu kwa vizazi.

Njia maarufu ni zile za Hardangervidda, uwanda wa juu ambao sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1981. Msafara huweza kuanzia Finse, kituo cha reli ya Bergen kilichoko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, ukaelekea kusini hadi Haukeliseter kwa muda wa wiki moja hivi, ukilala nyumba moja hadi nyingine. Msomaji wa Nairobi atatambua kwamba Finse iko chini ya jiji lake kwa zaidi ya mita 500. Lakini Finse ipo kaskazini mno, kwenye latitudo ya nyuzi 60, na hakuna mti unaosimama pale. Upepo ukianza kuvuma hukuta uwanda mtupu, bila kichaka wala ukuta wa kujibanza.

Upepo huo ndio adui mkuu. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na kukiwa shwari, mtu mwenye mavazi mazuri huteleza akitokwa jasho. Upepo ukifika mita 15 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 22 chini ya sifuri. Theluji hupeperushwa, ardhi na mbingu vikawa rangi moja, na mtu asijue kama anapanda au anashuka. Roald Amundsen, ambaye mwaka 1911 alikuwa mtu wa kwanza kuongoza msafara hadi Ncha ya Kusini, nusura afe katika uwanda huu huu akiwa kijana. Mwaka 1896 yeye na kaka yake Leon walijaribu kuuvuka majira ya baridi, wakanaswa na dhoruba. Usiku mmoja theluji iliganda juu yake alipokuwa amelala, ikabidi kaka yake amchimbue. Angekuwa peke yake, pengine ulimwengu usingelijua jina lake.

Ni rahisi basi kuelewa kwa nini watu hupendelea kwenda kwa kundi. Chama hutangaza misafara mapema na kuipanga kwa ugumu, kwa rangi nne: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wazoefu. Kila msafara una kiongozi, mara nyingi mtu anayejitolea aliyepitia mafunzo ya chama. Misafara ya majira ya baridi ina mafunzo yake ya pekee. Pamoja na hayo, wahenga walikwisha kusema kuwa msafara wa mamba hata kenge wamo. Kila mtu hujipima mwenyewe anapojiandikisha, na wapo wanaojipima kwa matumaini. Mtu aliyezoea njia laini zinazozunguka Oslo, zenye taa usiku na kituo cha treni karibu, huweza kuamini kwamba yuko tayari kwa rangi nyekundu. Ukweli hujitokeza siku ya pili.

Chukua mfano wa msafara wa watu 10 unaotoka asubuhi kwenda nyumba iliyo umbali wa kilomita 20. Kiongozi yuko mbele na ramani na dira. Nyuma kabisa yupo mzoefu mwingine, mfunga msafara, ambaye kazi yake ni moja tu: kuhakikisha hakuna mtu aliye nyuma yake. Saa mbili za kwanza ni furaha tupu. Kisha mmoja anaanza kubaki. Pengine nta aliyopaka chini ya skii si ya joto la siku ile, kwa hiyo kila akisukuma mguu anarudi nyuma nusu hatua. Nta hii ni elimu nzima: inatakiwa ishike theluji mtu anapokanyaga na iachie anapoteleza, na chaguo lake hubadilika kadiri theluji inavyobadilika. Aliyekosea hutumia nguvu maradufu. Au tatizo si nta, bali kiatu kipya kimemchubua kisigino.

Hapo ndipo kosa la kawaida hutendeka. Waliotangulia husimama kumngoja, wanapumzika, wanakunywa chai ya moto. Yeye anapowafikia wao wamekwisha kupata baridi na wanataka kuondoka, hivyo safari inaanza tena papo hapo. Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika. Mambo yakirudiwa hivyo mara nne au tano, mtu huyo anakuwa hatarini, ingawa kundi zima linaamini kwamba limemsubiri kwa uungwana. Kiongozi anayeijua kazi yake humsogeza mbele, mara moja nyuma yake mwenyewe, na mwendo wa msafara ukawa mwendo wake. Mizigo mizito ya mkobani hugawanywa kwa wenye nguvu. Wapo wenye nguvu wanaonung'unika, na manung'uniko hayo ni sehemu ya gharama.

Kundi lina faida moja isiyoweza kununuliwa dukani: mtu haoni uso wake mwenyewe. Baridi kali inapoanza kuua ngozi ya pua au shavu, huacha doa jeupe ambalo mwenyewe anaweza asilihisi, kwa kuwa mahali hapo pamekufa ganzi. Mwenzake hulitambua kwa kumtazama tu. Ndiyo maana katika upepo watu hupangwa wawili wawili na kutakiwa kuangaliana nyuso kila baada ya muda. Mfuko mkubwa wa kitambaa cha kuzuia upepo, unaoweza kuwafunika watu kadhaa wakiwa wamekaa pamoja, hufanya kazi vizuri zaidi palipo na miili kadhaa ya kutoa joto.

Hata hivyo, kundi lina ugonjwa wake. Mtu mmoja akiona hali ya hewa inaharibika, huwatazama wenzake, na kwa kuwa wote wako kimya hudhani wako sawa. Kumbe nao wanamtazama yeye. Huyu vidole havina hisia lakini anaona aibu kuwachelewesha wengine. Yule amelipia likizo ya wiki nzima na hataki irudi Finse siku ya kwanza. Hivyo watu 10, ambao kila mmoja akiwa peke yake angekwisha kugeuka, huendelea mbele pamoja.

Norwei ililipa karo ya somo hilo. Wakati wa Pasaka mwaka 1967, katika likizo ambayo familia nyingi huitumia milimani, watu 18 walifariki. Baada ya maafa hayo, DNT na Chama cha Msalaba Mwekundu walizieneza nchi nzima kanuni tisa za mlimani, kiasi kwamba watoto walikua wakizijua kwa moyo. Zilichapishwa hata ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj, ambayo wateleza skii hupenda kuibeba. Kanuni ya saba ilikuwa fupi: usiende peke yako. Ya nane ilisema mtu ageuke mapema, kwani hakuna aibu kurudi.

Kanuni hizo zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, ile ya kutokwenda peke yako iliondolewa. Ile ya kugeuka mapema ilibaki pale pale, ya nane, karibu kwa maneno yale yale. Zilizoongezwa uzito ni kupanga safari kulingana na uwezo na hali ilivyo, kuzingatia utabiri wa hewa na wa maporomoko ya theluji, na kuchukua vifaa vya kumwezesha mtu kujisaidia na kuwasaidia wengine. Mabadiliko hayo yana mantiki. Idadi ya watu haimlindi mtu kama hakuna anayethubutu kufungua kinywa.

Kwa sababu hiyo viongozi wazuri huzungumzia kurudi kabla ya kuondoka. Usiku uliotangulia, mezani, ramani ikiwa imekunjuliwa, msafara hukubaliana: ikifika saa fulani na hatujafika ziwa fulani, tunageuka, upepo ukizidi kiasi fulani, hatutoki kabisa. Uamuzi uliofanywa mbele ya jiko lenye moto hauna haya wala kiburi ndani yake. Kesho yake, katikati ya dhoruba, kiongozi hahitaji kumshawishi mtu, anatekeleza walichokubaliana. Na kama hata kurudi kumeshindikana, kanuni ya tisa inahusu kutunza nguvu na kutafuta hifadhi. Kila kundi hubeba sepetu, kwani theluji hiyo hiyo inayoua ikichimbwa huwa nyumba.

Njia zenyewe husaidia. Kwa kawaida kabla ya Pasaka watu wa chama hupita wakichomeka vijiti kwenye theluji, zamani matawi ya mti wa betula na siku hizi mianzi pia, kutoka nyumba moja hadi nyingine, ili msafiri aone kimoja mpaka kingine hata ukungu ukishuka. Katika hali mbaya sana, mtu mmoja husimama kwenye kijiti wakati mwingine anakwenda kutafuta kinachofuata akiwa bado anasikika. Mwendo huo ni wa kinyonga, na kilomita moja inaweza kula saa nzima.

Wanaofika jioni hukuta viatu vimejaa karibu na jiko na soksi zinaning'inia kila mahali. Wakati wa Pasaka vitanda huisha mapema, lakini desturi ya chama ni kwamba hakuna anayefukuzwa mlangoni; atakayekosa kitanda atapewa godoro sakafuni. Kabla ya kulala, kila kundi huandika katika daftari la nyumba: majina, lilikotoka na linakokwenda kesho. Waokoaji wakihitajika, daftari hilo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufunguliwa. Na katika kurasa zake, miongoni mwa majina ya waliofika walikokusudia, kuna wale waliorejea kulala usiku wa pili katika nyumba ile ile waliyoiaga asubuhi.