Istilahi za Uchanganuzi wa Taswira: Mafunzo Kutoka Machapisho ya Kituo cha Uppsala

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayofika katika ofisi za istilahi, ni machache yamtaabishayo mfasiri kama ripoti za vituo vya utafiti. Ndani ya kurasa chache hukutana msamiati wa hisabati, wa tiba, wa misitu na wa kompyuta, na aghalabu kila taaluma huwa na neno lake kwa jambo lile lile. Makala hii inaeleza baadhi ya istilahi za taaluma ya uchanganuzi wa taswira kwa kuchukua mfano wa kituo kimoja cha chuo kikuu, machapisho yake na washirika wake. Madhumuni yake si kutoa orodha ndefu ya maneno, bali kuonyesha sababu za kulichagua neno hili na kuliacha lile.

Kituo na washirika wake

Kituo cha Uchanganuzi wa Taswira cha Uppsala, Sweden, kilianzishwa mwaka 1988 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Uppsala, kilichoasisiwa mwaka 1477, na Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, kilichoundwa mwaka 1977. Asili hiyo ya pande mbili inaonekana katika machapisho yake. Makala moja hushughulika na seli za binadamu chini ya hadubini. Nyingine hueleza nyuzi za mbao na karatasi. Nyingine tena hupima misitu kwa taswira zilizopigwa kutoka angani.

Ripoti za mwaka za kituo hicho ziliorodhesha watafiti, miradi, wageni, washirika wa ndani na nje ya nchi, na machapisho ya kila aina. Ushirikiano wake ulivuka mipaka ya Ulaya. Profesa Ewert Bengtsson, aliyeshughulikia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kompyuta tangu miaka ya 1970, alifanya kazi pamoja na wataalamu wa jimbo la Kerala, India. Mwaka 2013 Carolina Wählby alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala iliyotoka katika jarida la Nature Methods, iliyoeleza njia ya kusoma ujumbe wa jeni ndani ya tishu yenyewe. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila mwanabiolojia na mtaalamu wa kompyuta kuketi meza moja na kuelewana kwa maneno. Na hapo ndipo istilahi inapoingia.

Picha au taswira? Uchambuzi au uchanganuzi?

Neno "picha" linajulikana na kila mtu. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida picha ni kitu cha kutazamwa: ya ukutani, ya pasipoti, ya sinema. Kitu anachokishughulikia mtaalamu wa fani hii ni jedwali la namba, ambapo kila namba huonyesha kiasi cha mwanga mahali fulani. Huenda jedwali hilo lisitazamwe na jicho la mtu hata mara moja. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "taswira". Wapo watakaopinga kwamba neno hili limekwisha kuchukuliwa na wahakiki wa fasihi. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halina uzito mkubwa, kwani mazingira ya matumizi huzitenga maana hizo mbili bila taabu.

Ama kuhusu kitenzi, "kuchambua" asili yake ni kazi ya kuondoa takataka, kama katika pamba au mchele, na siku hizi hutumika sana kwa habari na vitabu. "Kuchanganua" ni kukitenga kitu katika sehemu zake ili kuujua muundo wake, kama tufanyavyo katika sarufi tunapochanganua sentensi. Maana hii ya pili ndiyo inayohitajika. Hivyo basi, istilahi ni "uchanganuzi wa taswira".

Kutenga si kugawa

Sehemu ndogo kabisa ya taswira huitwa pikseli. Wapo waliopendekeza "nukta", lakini nukta ni alama ya uandishi na pia ni sekunde, na mzigo wa tatu ungeizidi nguvu. Pikseli ya taswira ya kijivu aghalabu hupewa namba kuanzia 0, yaani nyeusi, hadi 255, yaani nyeupe.

Hatua muhimu ya mwanzo ni kuzitambua pikseli za kitu kinachotafutwa na kuziweka mbali na zile za mandharinyuma. Wafasiri wengi wameiita hatua hii "ugawaji". Neno hilo lapotosha, kwa kuwa anayegawa hutoa mafungu, na msikilizaji hutazamia mafungu yenye uwiano. Mtaalamu hagawi, anatenga kiini cha seli na saitoplazimu, kama mtu atengavyo pumba na mchele. Tunapendekeza "utengaji". Namba inayotumika kuamua pikseli ipi iwe upande upi tunapendekeza iitwe "kiwango-mpaka" badala ya "kizingiti", kwa kuwa kizingiti siku hizi kimekuwa jina la kila kizuizi.

Ugeuzi wa umbali

Mfano bora wa istilahi inayohitaji maelezo kabla ya jina umo katika kazi za Profesa Gunilla Borgefors, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa maprofesa wa kituo hicho. Mwaka 1986 alichapisha makala iliyotajwa sana kuhusu njia ya kukadiria umbali ndani ya taswira za kidijitali.

Tuchukue ubao wa drafti. Kete ikisogea mraba mmoja kwa mstari ulionyooka, tuhesabu 3. Ikisogea kwa mshazari, tuhesabu 4. Umbali halisi wa mshazari ni takriban 1.41 ya ule ulionyooka, na 4 kwa 3 ni takriban 1.33. Hesabu hii haikulenga kabisa, lakini imekaribia, nayo hutumia namba nzima tu, ambazo kompyuta huzimudu kwa haraka. Kwa kuipitia taswira mara mbili, mara moja kutoka juu kwenda chini na mara ya pili kwa kurudi, kila pikseli ya kitu hupata namba inayoonyesha umbali wake kutoka ukingo ulio karibu. Hilo ndilo tunaloliita "ugeuzi wa umbali". Faida yake huonekana pale seli mbili zinapogusana: namba hupanda kuelekea katikati ya kila moja, na vilele viwili huonyesha kwamba seli ni mbili, si moja.

Jina la kipimo hicho katika lugha za Ulaya ni neno la maseremala, maana yake kukata pembe ya ubao kwa mshazari. Linafaa, kwa kuwa umbo la pikseli zote zilizo umbali mmoja kutoka nukta fulani kwa kipimo hiki si duara, bali ni umbo la pembe nane, kama mraba uliokatwa pembe. Kwa matumizi ya kawaida "umbali wa 3-4" watosha. Mwalimu akitaka kueleza, mfano wa ubao wa seremala anao tayari.

Chanya inapoleta hatari

Katika machapisho ya kitabibu ya kituo hiki, na ya vituo vingine vinavyofanana nacho, swali kuu ni kompyuta imekosea mara ngapi, na kwa upande gani. Hapa istilahi si suala la ladha.

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa rasimu ya kijarida cha wagonjwa kutoka hospitali moja. Kiliandikwa: "Matokeo yako yakiwa chanya, utaitwa." Niliipitisha, kwa kuwa chanya ndilo neno la vitabu vya fizikia na hisabati. Kabla haijarudishwa, mama mmoja mhudumu wa ofisi yetu aliisoma akatabasamu: "Alhamdulillahi, mwanangu, kumbe wazima ndio wanaoitwa." Kwake, kama kwa wananchi walio wengi, chanya ni jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mwanamke mwenye dalili za saratani angeweza kubaki nyumbani akishukuru. Kosa lilikuwa langu, si la mama yule.

Jambo hili lina uzito kwetu. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unalenga asilimia 70 ya wanawake wachunguzwe wafikapo miaka 35, na tena wafikapo 45, ifikapo mwaka 2030. Kila mmoja wao atapewa jibu, na jibu ni maneno.

Tunapendekeza basi ngazi mbili. Kwa wataalamu, "chanya" na "hasi" zibaki. Kosa la kumwona mzima kuwa mgonjwa liitwe "chanya ya kimakosa", na la kumwona mgonjwa kuwa mzima "hasi ya kimakosa". Kwa mgonjwa iandikwe bayana: "dalili zimeonekana" au "dalili hazikuonekana". Kadhalika, vipimo viwili vya ubora wa uchunguzi viitwe "uwezo wa kugundua", yaani kutowakosa wagonjwa, na "uwezo wa kutoa shaka", yaani kutowasumbua wazima.

Hitimisho

Mapendekezo kwa muhtasari ni haya: (i) uchanganuzi wa taswira, (ii) pikseli, (iii) utengaji, (iv) kiwango-mpaka, (v) ugeuzi wa umbali, (vi) chanya ya kimakosa na hasi ya kimakosa, (vii) uwezo wa kugundua na uwezo wa kutoa shaka.

Istilahi hizi hazijasanifiwa. Walimu wazijaribu darasani, wafasiri wazipime katika kazi zao, na maofisa wa afya watuambie zilikopwaya. Nasi kabla ya kupitisha neno lolote litakalomfikia mgonjwa, tumsomee kwanza mtu asiye mtaalamu, tumsikilize alivyolielewa.