Tuitambue kamba inayofunika msitu



Hapa Lusangi, kama kote Kasongo na Kabambare, mtu akirudi kutoka ukimbizini hukuta shamba lake limekuwa pori, na mimea inayotambaa imefunika hata miti ya mpaka. Tunapenda kuwaeleza jambo kama hilo lililotokea kwa jirani zetu wa Kivu.

Katika Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, kuna kamba ya msituni ambayo wataalamu huiita Sericostachys scandens. Haikuletwa kutoka ng'ambo. Ni mmea wa Afrika. Lakini imeenea kupita kiasi katika msitu wa milimani.

Tutaitambuaje? Hupanda mti mpaka kileleni. Majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana. Maua ni madogo, meupe, katika mashada. Mbegu zina manyoya laini kama hariri, nazo hupeperushwa na upepo. Ikishazaa mara moja, hufa, lakini huacha mbegu nyingi.

Ubaya wake ni kwamba hufunika miti na kuinyima mwanga. Miche iliyo chini haikui, na msitu haujirudishi. Hapo wanyama wanaweza kukosa chakula, wakiwemo sokwe wakubwa wa mbuga hiyo.

Kwa nini imeenea? Kamba hii hupenda mahali palipo wazi. Miti na mianzi ikikatwa au kuchomwa moto, yenyewe hutangulia. Tena, wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996 na 1998, tembo wa milimani waliuawa karibu wote. Watafiti wanafikiri kwamba tembo, kwa kula na kukanyaga mimea, walikuwa wakiizuia. Basi vita hujeruhi msitu pia, na jeraha hubaki hata bunduki zikinyamaza.

Tufanye nini? Tusichome pori ovyo. Kamba inayosonga mti shambani ikatwe karibu na shina, kabla mbegu hazijakomaa. Si kila kamba ni mbaya: nyingine ni dawa, nyingine hufuma vikapu. Tuwaulize wazee kwanza. Na kabla ya kufyeka shamba lililoachwa, wenye shamba, majirani na chifu watembee pamoja, waitafute miti ya mpaka chini ya kamba. Mti wa mpaka ukikatwa bila kujua, ugomvi huzaliwa upya.