Safari ya Mabahiss Haikuishia Gatini

Maji ya mvua inyeshayo Myanga, katika kaunti ya Bungoma, hayateremki Mombasa, bali hufuata njia ya magharibi hadi yakaingia katika mto Nile na hatimaye Bahari ya Kati, huko Misri. Ni katika nchi hiyohiyo, bandarini Alexandria, ilikong'oa nanga meli ya utafiti Mabahiss, Septemba 1933, ikielekea kule ambako maji ya Myanga hayafiki: Bahari ya Hindi. Meli ilikuwa ya serikali ya Misri, na wataalamu wawili wa Kimisri, Hussein Faouzi na Abdel Fattah Mohamed, walifanya kazi na Waingereza chini ya Seymour Sewell, kwa fedha za wasia wa John Murray, mtaalamu wa bahari aliyefariki mwaka 1914.

Meli ilipita Mombasa na Zanzibar mwanzoni mwa 1934, na kazi ya sitahani, kusema kweli, ilikuwa ya kurudiarudia kuliko ya kishujaa. Ili kujua joto la maji ya kilindini, chupa za chuma zilizo wazi pande zote mbili hufungwa kwenye waya na kuteremshwa. Kisha kipande kizito kiitwacho mjumbe huachiliwa kiteleze juu ya waya huo hadi kigonge chupa, nayo ikapinduka, ikajifunga, na kuikata zebaki ya kipimajoto chake palepale, hata kipimo kisibadilike inapovutwa juu.

Karibu na Oman, wavu wa kukokota, yaani ule ubururwao sakafuni mwa bahari, ulileta tope la kijani lenye harufu ya mayai viza na lisilo na kiumbe hai, kwa kuwa maji ya kina kile yana oksijeni haba mno.

Meli ilirejea Alexandria Mei 1934, lakini kurejea si kukamilisha. Kila kaa, samaki na tumbawe aliyehifadhiwa katika spiriti alimsubiri bingwa wa jamii yake, amchore, ampime na kumpa jina, na mabingwa hao hawakuwa na haraka: ripoti zilizochapishwa na British Museum ya London ziliendelea kutoka hadi miaka ya 1960, wakati Mombasa ilikuwa tayari bandari ya nchi huru.