WIMBO WA TAIFA SHULENI NA IMANI YA MTOTO



Katika shule zetu za Ufipa siku huanza mstarini. Kengele hulia, watoto hujipanga, na wimbo wa taifa huimbwa. Hii ni desturi njema. Inatukumbusha kwamba Mfipa, Mnyiha na Msukuma ni wananchi wa nchi moja.

Lakini pengine yupo mtoto mmoja asiyeimba. Anasimama wima, kimya, mpaka wenzake wamalize. Wazazi wake ni Mashahidi wa Yehova. Wao huamini kwamba kuimba wimbo huo ni namna ya ibada, na ibada ni ya Mungu peke yake. Je, mtoto huyu achapwe? Je, afukuzwe shule?

Kesi iliyoamuliwa Mbeya

Jambo hili limekwisha kufika mahakamani. Wanafunzi 127 wa imani hiyo hawakuimba wimbo wa taifa. Baadhi yao walifukuzwa shule, na wengine walipewa adhabu nyingine. Walikwenda Mahakama Kuu, wakashindwa. Wakakata rufani. Tarehe 12 Julai 2013, huko Mbeya, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi. Hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini.

Mahakama ilisema kwamba hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha mwanafunzi kuimba wimbo wa taifa. Hapa tuelewe tofauti. Sheria hutungwa na Bunge. Desturi ya shule, hata ikiwa nzuri, si sheria. Tena, kumwadhibu mtoto kwa sababu ya imani yake ni kuvunja Katiba.

Katiba inasema nini?

Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Tangu mwaka 1988 mwananchi anaweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani katika mambo ya dini. Inasema kila mtu, si wenye dini ya watu wengi tu. Hapa Ufipa Wakatoliki ni wengi, na mara chache mtu huwabughudhi kwa imani yao. Mwenye wenzake wachache ndiye anayehitaji zaidi kulindwa na Katiba.

Nchi nyingine zimeona taabu katika jambo hili. Kwa jirani zetu wa Zambia, mwaka 1967, Mahakama Kuu ilimkatalia mtoto wa kike aliyesimamishwa shule kwa kutoimba. Huko Marekani, Mahakama Kuu iliruhusu watoto walazimishwe kuisalimu bendera mwaka 1940. Mwaka 1943 mahakama hiyo hiyo iligeuza uamuzi wake.

Uhuru una mipaka

Mtoto asiyeimba hana ruhusa ya kupiga kelele, kuwacheka wenzake au kuchelewa mstarini. Kanuni nyingine za shule zinamhusu kama wengine. Lakini kusimama kimya si dharau.

Wako wanaouliza, "Tusipowalazimisha, wataipendaje nchi?" Ng'ombe wa plau huswagwa kwa fimbo, naye huenda. Mapenzi ya nchi hayaswagwi. Mtoto aliyechapwa ataimba kwa mdomo, na moyoni atabaki na uchungu. Aliyefukuzwa atakosa kusoma na kuandika, na taifa litampoteza mtu wa kulitumikia.

Mtoto akirudishwa nyumbani

1. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa upole. Omba sababu kwa maandishi.
2. Peleka jambo hilo kwenye kamati ya shule.
3. Usiposikilizwa, mwone afisa elimu wa kata, kisha wa wilaya.
4. Mahakama iwe njia ya mwisho.
5. Mtoto aendelee na masomo nyumbani wakati unafuatilia.

Nawe uliye mjumbe wa kamati ya shule, kumbuka hukumu ya mwaka 2013 kabla hujainua mkono kukubali mtoto afukuzwe.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya sheria na desturi?
2. Mahakama ya Rufani iliwapa wanafunzi haki kwa sababu gani?
3. Taja njia tatu za kuonyesha mapenzi ya nchi mbali na kuimba.
4. Kama mtoto huyo angekuwa wako, ungefanya nini?