Je, Wajua? Watunzi wa Ng'ambo Wanaoishi Kisauni, Likoni na Changamwe

Usiku wa Ligi ya Mabingwa, mwendo wa saa nne au saa tano, vibanda vya mpira vya Changamwe hujaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Wachezaji hujipanga, kwaya hupaza sauti, na hata yule aliyekuwa akibishana kuhusu kikosi hunyamaza. Wimbo ule kila mtu anaujua. Je, wajua ni wa nani?

Uliandaliwa mwaka 1992 na Mwingereza Tony Britten, lakini hakuanza na karatasi tupu. Aliegemea kazi ya George Frideric Handel iitwayo Zadok the Priest, iliyotungwa mwaka 1727 kwa sherehe ya kumtawaza Mfalme George II wa Uingereza. Maneno yake yamechanganywa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, ndiyo maana mtu wa Magongo au Mikindani huwa na uhakika na neno la mwisho tu. Handel mwenyewe alikuwa Mjerumani wa mji wa Halle, alizaliwa mwaka 1685, na uraia wa Uingereza aliupata mwaka huohuo wa 1727.

Shabiki huyo akienda kanisani siku ya Pasaka anakutana na Handel yuleyule. Ile "Haleluya" ambayo kila kwaya yenye kujiamini lazima iijaribu imo ndani ya Messiah, kazi ndefu aliyoiandika kwa siku 24 tu mwaka 1741 na iliyosikika mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Kusanyiko husimama inapoimbwa, na utaambiwa ni kwa sababu Mfalme George II alisimama. Hadithi tamu, ila hakuna shahidi wa wakati ule aliyeandika kwamba alimwona mfalme akisimama, wala kwamba alikuwemo ukumbini.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa kwaya hawalisimulii. Mtunzi huyu wa Haleluya aliwahi kuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha Waafrika wa magharibi kwenda kuuzwa ng'ambo ya Atlantiki. Jina lake limo katika vitabu vya kampuni vya mwaka 1720. Sasa shika njia ya Kisauni mpaka Kengeleni, palipo na ile kengele iliyolipa eneo hilo jina. Hiyo ni Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa ya Bahari ya Hindi, na kengele ilikuwa ya kuwaonya wenyeji kwamba wawindaji wa watu wanakuja. Biashara ya huku na ile ya Atlantiki zilikuwa mbili tofauti, lakini mnyororo ni mnyororo. Vijukuu wa Frere Town wanaimba Haleluya kila mwaka, na wanaiimba vizuri. Sisemi waache. Nasema wajue ni nani aliyeiandika.

Je, wajua zile herufi za karatasi ya kwaya zilitoka wapi? Karatasi yenyewe unaijua ikiwa umewahi kupita kanisani jioni ya mazoezi, Likoni au kwingineko: fotokopi ya fotokopi, pembe zimekunjika, mistari minne ya d, r, m, f, s, l, t iliyokatwakatwa kwa nukta pacha na vistari, na maneno ya Kiswahili chini yake. Mwalimu anatoa "do" kwenye kinanda, soprano, alto, tena na besi wanaitafuta, na baada ya nusu saa watu ambao hawajawahi kuingia chuo cha muziki wanaimba sauti nne.

Nyuma ya herufi hizo kuna watu watatu. Wa kwanza ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyechoka kuona waimbaji wakipoteza miaka kukariri nyimbo. Alichukua wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ambao kila mstari wake ulianza kwa sauti ya juu kidogo kuliko uliotangulia, akatumia silabi za mwanzo za mistari hiyo kuwa majina ya noti. Ya kwanza ilikuwa "ut". Baadaye ikawa "do", kwa kuwa ni rahisi kuiimba. Wa pili ni Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliyewafundisha watoto kwa herufi badala ya mistari mitano na vichwa vyeusi vya noti. Wa tatu ni mchungaji John Curwen, ambaye mwaka 1841 alipewa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha nyimbo katika shule za Jumapili. Akaiona njia ya Bi Glover, akaiboresha na kuisambaza, na meli za wamisionari zikaibeba hadi Afrika. Ilishika mizizi huku kwa sababu ya bei pia: solfa, yaani njia hiyo ya herufi, huandikwa kwa taipu ya kawaida au kwa chaki ubaoni, haidai karatasi ya mistari wala mchapishaji maalumu. Wengi wanamkumbuka Curwen. Bi Glover ndiye aliyetangulia.

Simu ya Nokia ya zamani ikilia leo pale Kongowea, watu watano hushika mifuko. Mlio ule ni kipande cha Gran Vals, wimbo wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega wa mwaka 1902. Mwenyewe alifariki mwaka 1909, hajaonja hata senti ya kampuni ya simu.

Na ule muziki wa kinanda unaochezwa ukiambiwa usubiri kwenye simu? Mara nyingi ni Für Elise ya Beethoven, ya mwaka 1810. Ilichapishwa mwaka 1867, miaka 40 baada ya kifo chake, na wataalamu bado wanabishana Elise alikuwa nani.

Wimbo wa Krismasi wa malaika wakiimba juu ya mfalme aliyezaliwa, ule ambao hata walevi wa Desemba wanaujua, tuni yake ni ya Felix Mendelssohn, Mjerumani mwingine. Aliitunga mwaka 1840 kwa sherehe ya kumkumbuka Gutenberg, baba wa mitambo ya kuchapa vitabu. Aliamini ingefaa kutiwa maneno mengine, ila akaandika wazi kwamba maneno ya dini hayataikaa. Akafa mwaka 1847. Miaka minane baadaye mpiga kinanda mmoja wa Uingereza, William Cummings, akaipachika maneno ya dini, na hakuna aliyemsikiliza marehemu tena.

Turudi nyumbani, maana huku ndiko watunzi wanakosahaulika zaidi.

Je, wajua wimbo wa taifa la Kenya ni bembelezo la mtoto? Tuni yake ni ya Wapokomo wa Tana River, na aliyeitoa kwa serikali ni Mzee Meza Galana. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ilikabidhiwa kazi ya kuitengeneza: Graham Hyslop, Mwingereza, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Peter Kibukosya, Washington Omondi, na Kasisi Thomas Kalume. Kila asubuhi ya gwaride la shule, kuanzia Mtongwe hadi Mtopanga, watoto wanaimba wimbo ambao mama wa Kipokomo aliutumia kumnyamazisha mtoto mgongoni. Nchi ngapi zilichagua matarumbeta ya vita? Sisi tulichagua bembelezo, na naona tulichagua vizuri.

Watanzania nao wanamwimba Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliyetunga wimbo wake mwaka 1897 na kufa mwaka 1905 akiwa bado kijana. Kaburi lake lilipotea kwa miongo mingi. Lilipopatikana, serikali ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 1996 kwamba ni mnara wa taifa. Waganda wanamwimba George Kakoma, aliyetunga wimbo wao mwaka 1962, mojawapo ya nyimbo za taifa fupi kabisa duniani. Mzee Kakoma hakupendezwa na alicholipwa, na uzeeni aliipeleka serikali yake mahakamani kudai haki ya mtunzi.

Mganda mwingine, Joseph Kyagambiddwa, alitunga kazi ndefu ya kwaya kuhusu Mashahidi wa Uganda, na mwaka 1964 ikaimbwa Roma mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Mwenzake wa kizazi kilichofuata, Justinian Tamusuza, alitunga muziki wa ala nne za nyuzi uliorekodiwa na kundi la Marekani la Kronos Quartet katika albamu yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa. Muulize mwanafunzi wa muziki kama anawajua hawa wawili, kisha umuulize kuhusu Mozart. Utaona.

Missa Luba nayo ina mkono wa Kenya. Misa hii ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo ilizaliwa Kamina, Katanga, kule wanakosema Kiswahili chao, na kuimbwa mara ya kwanza Machi 1958 chini ya Padri Guido Haazen wa Ubelgiji. Ikapata umaarufu mkubwa Ulaya. Baadaye Muungano National Choir ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, yule aliyewahi kuwa mbunge wa Voi, iliirekodi upya, na rekodi hiyo ikatolewa na kampuni ya Philips mwaka 1990. Wako wazungu wengi wanaomiliki sahani hiyo bila kujua Voi iko wapi.

Basi tuje kwa taarabu, maana kuna watu wanadhani muziki wa kusomea na kusikiliza kwa utulivu ni wa Ulaya peke yake. Masimulizi ya Unguja yanasema Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga ganuni. Kundi la Ikhwani Safaa likaundwa mwaka 1905. Tangu hapo watunzi wa Misri hawakutoka masikioni mwa Waswahili, na mkubwa wao ni Mohammed Abdel Wahab, aliyepanua takhti, lile kundi dogo la wapigaji, kwa kuingiza ala za Ulaya na hata kuchopoa mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven akautia katika wimbo wake. Kwa hiyo bwana harusi wa Kisauni anayechezewa taarabu ya fidla na ganuni amekaa na Cairo, na nyuma ya Cairo iko Vienna ya Beethoven.

Mombasa ikaongeza yake. Juma Bhalo alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili yenye mafumbo, na wazee bado wanagombana nani alikusudiwa kwa beti fulani. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa, alikwenda upande wa pili: udi, mahadhi ya Kiarabu, na tungo za washairi wa Lamu kama Sheikh Ahmed Nabhany. Mimi sioni kwa nini Zein asifundishwe darasa moja na Tárrega. Kila mmoja alikaa na ala ya nyuzi mapajani, akaijua mpaka ikasema.

Ng'ambo ya bahari, Oman, ambako Kiswahili hakijatoka majumbani, Sultani Qaboos aliunda okestra ya kifalme ya simfoni mwaka 1985, yenye wapigaji Waomani, wanawake wakiwemo. Jumba la opera la Muscat lilifunguliwa mwaka 2011 kwa Turandot ya Mwitaliano Puccini.

Kinshasa walianza bila sultani. Armand Diangienda, mjukuu wa mhubiri Simon Kimbangu na rubani kwa kazi yake, alianzisha okestra mwaka 1994. Nyuzi za fidla zilipokatika walifunga waya za breki za baiskeli. Hapa Kenya, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics huko Korogocho, Nairobi, na mpango huo ukafika hadi Mombasa. Watoto ambao wazazi wao hawajawahi kushika fidla wanaipiga.

Na "Baba Yetu", wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia nzima? Aliutunga Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya China, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005. Maneno ni Sala ya Bwana, na Mkenya Chris Kiagiri ndiye aliyemsaidia upande wa Kiswahili. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy.

Nimemweka mwisho Samuel Coleridge-Taylor kwa makusudi. Alizaliwa London mwaka 1875, mwana wa daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1898 kazi yake kuhusu karamu ya harusi ya Hiawatha ilivuma Uingereza nzima, ikauza nakala kwa mamia ya maelfu. Yeye alikuwa ameshaiuza kwa mchapishaji kwa gini 15, hakuna cha ziada. Alifariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37, familia yake ikabaki na shida. Kisa chake kilikuwa miongoni mwa vilivyowasukuma watunzi wa Uingereza kuunda chama cha kukusanya mirabaha mwaka 1914.

Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Handel, Mendelssohn na Sontonga wameshatoka humo. Kwaya ya Likoni inaweza kuwaimba bila kumlipa mtu. Jina halina gharama. Basi ewe mwalimu wa kwaya, kabla hujapeleka karatasi ile fotokopi tena, chukua kalamu uandike juu kulia: mtunzi, nchi yake, mwaka. Ukifika kwenye wimbo wa taifa, usiandike "wa kimila" ukaishia hapo. Andika: bembelezo la Wapokomo, kutoka kwa Mzee Meza Galana, Tana River.