Vipande vya Fedha vya Zamani

Hapo zamani katika Uingereza watu wenye mali waliochangia ujenzi wa jukwaa la kutazamia mashindano ya farasi waliweza kupewa kipande cha fedha, kadiri ya sarafu kubwa. Juu yake palichorwa jina la kiwanja, na mara nyingi nambari ya mwenyewe. Bawabu alipokiona, alifungua mlango. Leo kipande hicho hakifungui mlango wo wote, lakini wako watu wanaovitafuta na kuvinunua, maana kila kimoja ni shahidi wa mahali na wakati wake.

Kibondo na Kasulu hakuna viwanja vya namna hiyo. Farasi hawadumu katika nchi yenye mbung'o. Lakini mashahidi wa fedha wako, nao ni rupia za Wadachi, zilizokuwa zikitumika reli ilipofika Kigoma mwaka 1914.

Na tuisome rupia moja. Upande mmoja pana sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya vita. Igeuzeni. Mkiona simba mbele ya mti wa jamii ya mnazi, rupia hiyo ni ya kampani ya Wadachi, ya miaka 1890 hadi 1902, iliyogawanywa kwa pesa 64. Msipomwona simba, ni ya serikali yao, kuanzia 1904, iliyogawanywa kwa heller 100. Ndiko lilikotoka neno letu «hela». Herufi ndogo A ni alama ya kiwanda cha Berlin. J ni ya Hamburg.

Uzito wa rupia ni gramu 11.66, na sehemu 11 katika 12 ni fedha safi. Hapo ndipo penye hatari. Mfua fedha huipima kwa mizani, na mizani haisomi mwaka wala herufi. Akiisha kuiyeyusha, shahidi amekufa. Msiisugue kwa majivu, wala msiitoboe iwe kidani, kwani alama zikifutika hazirudi.

Wala shaba msiidharau. Hela 20 yenye herufi T ilipigwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakati vita vilipozuia sarafu kuletwa kutoka Ulaya.

Basi, mzee akiwa na rupia, muulizeni ilipatikanaje: kwa mshahara, kwa kuuza ng'ombe, au kwa mahari? Andikeni jina, kijiji na habari yake katika karatasi, mkaifunge pamoja nayo katika kitambaa kikavu cha pamba. Alama husema sarafu ilipigwa wapi. Nani aliitolea jasho, ni ninyi tu mtakaosema.